Neno Nililokataa Kulitafsiri

Vijana wangu, mmeniita kwenye semina zenu mara nyingi nije kuwafundisha kusikia sauti ya Mungu, na kila mara mnataka jibu fupi. Inasikika namna gani, Mama Kezia? Masikioni au moyoni? Kwa ndoto au kwa mwili kusisimka? Kisha mnashika kalamu mnasubiri, kana kwamba nitawapa dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Dawa hiyo sina. Nilichonacho ni kazi niliyoifanya miaka mingi hapa Gisenyi, kazi ya ukalimani wa kanisa, na mwanamke aliyenifundisha, na Jumapili moja ambayo wazee wetu mpaka leo hawapendi niisimulie. Nitaisimulia. Nimeshastaafu, nani atanifukuza tena?

Kwanza mjue kazi yenyewe. Siku hizi mhubiri akivuka mpaka kutoka Goma mnarusha maneno yake ukutani kwa mashine na kila mtu anajisomea. Mwishoni mwa miaka ya tisini mashine ilikuwa mimi. Wahubiri wengi walitoka ng'ambo na walihubiri kwa Kiswahili. Sisi tuliorudi kutoka Kongo tuliwaelewa, wafanyabiashara wa mpakani waliwaelewa, lakini wengine wengi, hasa watu wa milimani, walijua Kinyarwanda tu. Basi mhubiri alisema sentensi, nami nikaigeuza, akasema nyingine, nikaigeuza, mpaka koo linakauka.

Ukalimani una ujanja wake. Simama nusu hatua nyuma ya mhubiri, upande wa mkono usioshika Biblia, la sivyo utapigwa nayo. Mimi nilipigwa. Usimtazame macho, tazama mabega. Mabega yakiwa bado juu, sentensi haijaisha, usiingie. Akirukaruka, wewe baki chini, maana lazima awepo mtu mmoja anayesikika. Akisahau kupumua, mvute koti taratibu. Mwanzoni mimi nilifuata kila kitu alichofanya. Siku moja mhubiri aliua mbu kwa makofi mawili mbele ya uso wake, nami nikapiga makofi mawili, kanisa zima likapiga makofi na kushangilia haleluya. Yule bwana alifurahi sana. Hakujua kwamba tulikuwa tunamshangilia kwa ajili ya mbu.

Aliyenirekebisha baada ya ibada ile ni Mama Damari. Alikuwa mkalimani kabla yangu, tangu ujana wake, hadi miguu ilipokataa kusimama saa nyingi. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa maneno, na kanisa zima lilimwogopa kidogo. Alinikuta nyuma ya kanisa nikicheka na wenzangu, akanivuta pembeni.

"We Kezia, mukalimani hana mudomo," akaniambia. "Mudomo ni ya mwenye anasema. We uko bomba tu. Bomba haitie chumvi kwa maji."

Sheria hiyo niliishika kwa miaka. Niliwatafsiri wahubiri waliochanganya Eliya na Elisha. Nilimtafsiri mmoja aliyewasema vibaya wanawake wanaovuka mpaka na bidhaa vichwani, na mimi mwenyewe nilikuwa navuka na bidhaa kichwani. Nilimaliza kumtafsiri, nikaenda nyumbani, nikamtukana peke yangu jikoni.

Lakini Mama Damari alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo mnayoitafuta ninyi. Aliongoza chumba cha maombi, tulichokiita shambre, nyumba ndogo ya mawe meusi nyuma ya kanisa. Watu walikuja pale wakisema, Mungu ameniambia hivi, Mungu amenionyesha vile. Yeye hakuwapinga wala hakusema amina. Aliwapa kisu na beseni la viazi vya chakula cha wagonjwa, akasema, "Menya kwanza. Neno ya Mungu haiozi kwa saa moja." Nimeona maono mengi yakifia katika beseni lile. Mtu anaingia na moto, anamenya viazi, anaanza kuhadithia mambo ya nyumbani, anaondoka bila kukumbuka alichotumwa.

Mimi pia nilipita kwenye beseni. Kuna wakati nilifunga kula, kufunga kwa kiburi, nikitaka kuona makubwa. Nikaona. Nikamkimbilia nikamwambia nimeona sinia kubwa yenye nuru, nyama juu yake, na ndizi kando, na kwamba hiyo ni baraka inayokuja kwa kanisa letu.

"Ile ndizi ilikuwa na mafuta?" akaniuliza.

"Ilikuwa inang'aa, Mama."

"Kezia, ile haiko Mungu. Ile iko tumbo. Kwenda kula, halafu urudi, tuone kama Mungu atasema ingine."

Nilikula. Mungu hakusema nyingine.

Akaja kijana wa kwaya, amependeza, amejipaka mafuta, akasema Bwana amemwonyesha binti fulani wa sauti ya kwanza kuwa mke wake. Mama Damari akamuuliza, "Alikuonyesha sura yake tu? Ama alikuonyesha na mama yake mugonjwa, mwenye atakaa kwa nyumba yenu?" Kijana akasema ameonyeshwa sura. "Bon. Basi Mungu hajamaliza. Rudi umungojee." Sisi tulicheka hadi tukaficha nyuso kwa vitenge, lakini kijana yule alirudi kumngoja kweli, na baadaye alioa mwanamke mwingine kabisa.

Kwa miaka ile ya kumenya viazi alinifundisha kipimo kimoja tu. Alisema, "Ukisikia sauti, uliza inabebesha nani muzigo. Kama inabebesha mwenye anaisema, sikiliza muzuri. Kama inabebesha mwingine, na mwenye anaisema anabaki mwepesi, menya tena." Na alisema sauti ya Mungu haioni haya kuulizwa maswali. Watu ndio wanaoona haya.

Sasa niwaeleze kilichotokea. Wakati ule huko juu, upande wa Mudende, hakukuwa kumetulia, watu walivamiwa usiku na kuuawa. Ninyi mmesikia kwa wazazi wenu, sitarudia. Watu walishuka na magodoro vichwani na mbuzi mmoja mmoja, na kanisa letu likawafungulia darasa la watoto na veranda, wakatundika shitingi, maturubai ya plastiki, kuzuia mvua. Kati yao alikuwepo Nyiramana, mkulima wa viazi, mjane mwenye wajukuu. Hakuna aliyetamani kurudi kama yeye. Kila asubuhi alisimama uwanjani akitazama mlima, akisema viazi vyake sasa vimefika hapa, sasa vinataka kuvunwa, sasa vinaoza. Ukimuuliza, basi utarudi lini, alijibu, "Siku nitakapoweza kulala huko." Alikuwa na akili zake timamu.

Mwanzoni wazee wa kanisa wenyewe waliwabebea uji. Halafu wakachoka. Vyoo vilijaa, na ardhi yetu mnaijua, ukichimba kidogo unakutana na jiwe la volkano na sululu inakurukia. Moshi wa majiko ulipaka kuta. Maharusi walihamia makanisa mengine kwa sababu ya nguo zilizoanikwa madirishani. Mimi siwalaumu wazee kwa kuchoka, hata mimi nilichoka. Nawalaumu kwa walichofanya na uchovu wao.

Jumamosi moja alifika mgeni kutoka Goma, mhubiri aliyesifika kwa unabii. Tulimwita Mtumishi. Alikaribishwa chakula kwa Mzee Silasi, mkubwa wa wazee wetu. Mzee Silasi alikulia Uganda, Kiswahili hakukijua, kwa hiyo niliitwa nikae katikati yao na kutafsiri, na sambaza zangu, dagaa wa ziwani, zikapoa sahanini. Mzee Silasi alimmwagia mgeni moyo wake. Alisema vyoo vimejaa. Alisema watu wa milimani hawaondoki, nasi hatuwezi kuwafukuza, mji utasema sisi ni kanisa gani. Alisema laiti wangesikia mahali fulani kwamba huko juu kumekuwa salama, wangekwenda wenyewe. Nilitafsiri yote, sikuongeza chumvi. Mtumishi alifuta vidole, akasema, "Bon. Ile tutaiombea."

Kesho yake kanisa lilijaa hadi nje. Alihubiri vizuri, nisimsingizie, nami nilimfuata vizuri. Mwishoni akafumba macho, akaomba watu wa milimani wasimame. Nikatafsiri hilo. Wakasimama, Nyiramana mbele. Ndipo akasema kwa sauti ya kutetemeka:

"Bwana anasema hivi! Batoto yangu ya mulima, wakati ya kukaa kwa veranda imeisha. Mi nimefunga mudomo ya adui. Mwezi hii isiishe mukiwa hapa. Rudini, mashamba inawangoja!"

Waliojua Kiswahili wakaitikia amina. Wale waliosimama hawakuelewa neno, wakanigeukia mimi. Nyiramana alikuwa anatazama mdomo wangu.

Nikaufunga.

Mtaniuliza nilisikia nini. Nilisikia sahani za Mzee Silasi. Neno lile nililifahamu, vijana wangu. Lilikuwa limepita mdomoni mwangu jana mchana, likitoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili, na vyoo vilikuwa ndani yake. Leo lilikuwa linarudi limevaa suti, linataka nilivushe tena, na safari hii nilivushe kwa jina la Mungu. Na chini ya hizo sahani nikasikia jambo lingine, taratibu, halina haraka yoyote: hili usilibebe. Mwili haukusisimka. Miguu ilikuwa imara na nilikuwa na hasira. Mkitaka kujua kama Mungu alisema nami siku ile, nawaambia ndiyo, na atakayebisha abishe.

Mama Damari alikuwa benchi la kwanza. Akainua kidole chake kirefu, akanionyesha watu, kwamba tafsiri. Jana hakuwepo kwa Mzee Silasi. Aliona tu bomba limeziba.

"Tafsiri, mama," Mtumishi akaninong'oneza.

"Ile mi sitafsiri, Mutumishi."

"Ni Bwana anasema!"

"Jana ilisemwa na Muzee Silasi. Mi ndiye nilikutafsiria."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na kilikuwa kinawaka. Wenye Kiswahili wote walisikia, na amina zao zikakatika. Mzee Silasi akainuka. Nyiramana akauliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka shamba hadi shamba, "Anasema nini? Sisi ndio tuliosimama, tuambieni!"

Nikamjibu kwa Kinyarwanda. Nilisema, mgeni anasema Mungu ameagiza mrudi milimani kabla mwezi haujaisha. Nikasema, na jana Mzee Silasi alimwambia mgeni kwamba vyoo vimejaa. Yote mawili nimeyapitisha mimi, sasa mnayo.

Nilinyang'anywa kipaza sauti. Lakini kabla kelele hazijapanda, Nyiramana aliuliza swali moja zaidi. Aliuliza kama Mtumishi atapanda pamoja nao, kwa sababu katika nyumba yake yeye Nyiramana, kama bado imesimama, kuna kitanda. Hakuna aliyemtafsiria. Mtumishi alitazama huku na huku akingoja kuambiwa mama yule amesema nini. Nyiramana akaketi. Mmoja mmoja, watu wote wa milimani wakaketi.

Mimi nilisimamishwa kazi, nikazuiwa Meza ya Bwana, nikapelekwa benchi la nyuma pamoja na walevi na wasichana waliopata mimba. Tulikuwa kundi zuri, tulicheka sana kule. Kilichoniuma kilikuwa kingine. Nilikwenda shambre nikamkuta Mama Damari akimenya viazi, na safari hii hakunipa kisu.

"Umevunja kazi," akasema. "Kazi yangu ya maisha yote. Sasa kila mukalimani atachagua neno yenye anapenda na yenye hapendi."

"Mama, ni we ulinifundisha kupima."

"Kupima kwa shambre! Kwa mimbari unatafsiri. Halafu unarudi nyumbani, unapima."

"Halafu bantu wamekwisha kupanda mulima, Mama. Nitapima nini?"

Alimenya kiazi chake mpaka mwisho. Halafu akasema, "Toka." Nililia njia nzima hadi sokoni, mwanamke mzima, watu wakidhani nimefiwa. Nilimpenda kuliko mama aliyenizaa. Na bado niliona kwamba amekosea, na ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo ambalo yeye hakuliona. Hakuna aliyewaambia ninyi kwamba siku hiyo itafika. Nawaambia mimi. Mlezi mzuri wa roho anakufikisha mahali ambapo utamkatalia, na siku hiyo hutakuwa na mtu wa kumuuliza.

Wazee hawakuacha. Walijua kwamba nikisimama mbele ya kanisa na kusema nilimkosea Roho, basi lile neno la Mtumishi litasimama tena, na watu wa milimani hawatakuwa na kisingizio cha kubaki. Nyiramana pia alijua. Alinijia nikianua nguo, akasema, "Ukitubu, sisi tunafunga magodoro." Hakunisihi. Aliniambia tu kama mtu anavyokuambia mvua inakuja, kisha akanisaidia kuanua.

Hapa nisiwadanganye. Sitawaambia huko juu kulitokea hiki na hiki, ili nionekane mimi ndiye nabii. Sijui kilichokuwa kinawangoja mwezi ule. Najua kwamba walipopanda, baadaye sana, walipanda kwa miguu yao na kwa saa waliyoichagua, na kabla ya kwenda walitoboa jiwe wakatuachia vyoo vipya. Hilo linanitosha.

Siku waliyonipangia kutubu alikuja kiongozi wa jimbo kutoka ng'ambo, mtu mpole, Kiswahili tupu. Kanisa lilitaka kusikia kila neno kwa Kinyarwanda, lakini mkalimani ndiye aliyekuwa mshitakiwa. Basi wakamwita Mama Damari. Alipanda ngazi za mimbari kwa fimbo, polepole, akasimama nusu hatua nyuma ya kiongozi. Hakunitazama.

"Mama Kezia," kiongozi akasema, "unatubu mbele ya kanisa ya Mungu?"

Mama Damari akatafsiri.

Nilimjibu kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi, nikiacha nafasi, maana ndivyo alivyonifundisha mwenyewe.

"Sitatubu," nikasema.

Sauti yake ikapita juu ya vichwa vya watu kwa Kinyarwanda: sitatubu.

"Neno ile ilitoka kwa meza ya chakula. Mi nilikuwa pale."

Akatafsiri.

"Kama Mungu alisema warudi, mwenye aliisema atangulie. Na wazee wafuate, na bibi zao, na batoto yao. Walale kule. Halafu mi nitatubu."

Kanisa likaguna. Akangoja watulie, akatafsiri yote, hata wake, hata watoto, wala hakupunguza. Mzee Silasi alikuwa ameshika kichwa.

Nilibakiwa na sentensi moja na niliogopa kuisema. Nikaisema.

"Mama Damari alinifundisha kusikia Mungu. Ananiambia mi nimekosa. Mi nampenda, na mi nasema, ni yeye amekosa."

Mabega yake yakapanda. Nilidhani ataacha fimbo aanguke, au atashuka, au atasema kidogo tu na kuruka hapo katikati. Mimi mwenyewe ningeruka. Yeye alivuta pumzi, akawageukia watu, akasema kwa Kinyarwanda kilichonyooka, kwa sauti kubwa kuliko alivyosema yote yaliyotangulia: Mama Damari alinifundisha kumsikia Mungu. Ananiambia nimekosea. Nampenda, na nasema, aliyekosea ni yeye.

Nyiramana, kule mlangoni, alikuwa amesimama.

Kiongozi akamgeukia. "Na we, Mama Damari? We ndiye mukubwa wa shambre. Tunataka kusikia we unasema nini juu ya hii maneno."

Mama Damari alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

"Nimekwisha kusema, pale juu," akajibu.